Uboho wa Jalalani

Wodi ya Uboho,
Hospitali ya Asomdwee,
Kumasi.
3 Machi 2014

Bwana Sumina,

Umenikatia simu mpaka wauguzi wangu wameanza kunicheka. Mara ya mwisho ulinisikiliza kidogo, kisha ukasema, "Daktari, maneno ya mdomo ndiyo yaliyoniuza. Ukitaka kitu kwangu, kiandike." Haya, nimeandika. Dereva wa basi la Tarkwa atakukabidhi mkononi, na nimemwomba asikasirike ukimtukana kwa niaba yangu.

Mwezi wa Januari vijana wangu walikuja dukani kwako wakakufuta ndani ya shavu kwa pamba. Majibu yamerudi. Wewe na mdogo wako Abrafi mmelingana kwa kila alama tuliyoipima. Nilikwisha wapima binamu, wajomba, na hata jirani mmoja aliyejiita kaka wa mgonjwa kwa sababu walikula sufuria moja. Hapa kwetu kila mtu ni ndugu mpaka sindano itoke. Ninyi wawili ni tumbo moja na baba mmoja, na damu haina habari nani alilelewa wapi.

Abrafi ana miaka kumi na minne. Ana selimundu, ugonjwa uleule uliowaondoa ndugu zenu wengine. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukabaki mzito, na kiharusi cha pili sidhani kama kitamwacha. Njia ya kuung'oa ugonjwa huu ni kuua uboho wake wote kwa dawa kali, kisha kumpa wa kwako, ambao unatengeneza damu nzuri. Kwa upande wako ni usingizi mfupi, sindano kwenye mfupa wa nyonga, na kuchechemea kwa siku chache.

Sitakuficha. Abrafi atakuwa wa kwanza katika wodi hii. Nimeomba miaka mingi kupata vyumba viwili vyenye hewa ya kuchujwa, huku wakubwa wakiniambia kazi hii ni ya nchi zenye umeme. Walimu wetu kutoka India wataondoka mwisho wa Aprili. Siwezi kuuchukua uboho wako mapema nikauweka kwenye barafu, maana umeme ukikatika barafu yangu inakuwa supu. Nakuhitaji wewe mwenyewe, mzima, kitandani, siku ileile. Abrafi akipona nitaongezewa vyumba. Akifa, hivi nilivyonavyo vitakuwa ofisi ya mhasibu.

Mama yako anakusalimu sana.

Dkt. Birago Ansa


Duka la Mabango ya Misiba,
Tarkwa.
9 Machi 2014

Daktari,

Barua yako ina kosa moja na uongo mmoja.

Kosa ni jina. Mimi ni Kwabena Dufie. Sumina maana yake jalala, na wewe Mwasante mwenzangu unalijua hilo vizuri. Ni lile rundo la maganda ya mihogo nyuma ya nyumba zetu kule Asikasu, ambapo niliwekwa nikiwa na siku chache. Hapa Tarkwa hakuna anayelijua jina hilo. Wakiona chale zangu tatu kwenye kila shavu wanadhani nimetoka kaskazini.

Uongo ni salamu. Yule mwanamke hajanisalimu tangu nizaliwe.

Desturi naijua, usije ukanifundisha. Mwanamke akizika watoto mfululizo, anayefuata anamtupa jalalani ili kifo kidhani ni kitu kisicho na thamani. Mtu mwingine anapita kama kwa bahati, anamwokota, analipa kitu cha kipuuzi. Mimi nilinunuliwa na Eno Dufie, muuza madonge ya kenkey, kwa samaki mkavu mmoja, na mwenyewe alikuwa akiniambia hata hakuwa mkubwa. Mtoto anapewa jina baya na chale za mtumwa. Sawa. Darasani kwetu tulikuwa watatu wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba wenzangu waliuzwa asubuhi na jioni wakarudi kwa mama zao wakala fufu. Wangu hakuja kunichukua.

Nyumba yake na ya Dufie zilitenganishwa na kisima. Nikienda kuteka maji, akinikuta ananiambia mbele za watu, "Taka wewe, bado unatembea?" Siku nilipofaulu kwenda sekondari kijiji kizima kilinipa mkono. Yeye alitema mate chini akasema, "Kumbe jalala nalo linaota nyanya." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, ningefanyaje? Kisha akamzaa Abrafi, akamvika shanga, akawa anazunguka naye mgongoni kijiji kizima kama amebeba kiti cha mfalme. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa naangalia.

Sasa taka imegeuka dawa. Vizuri. Mwambie aje Tarkwa na chupa ya gini, mbele ya watu wazima wawili, aninunue tena kama desturi inavyotaka. Aseme, "Huyu ni mwanangu." Ni maneno matatu tu. Akishayasema, uchukue uboho, na ukipenda uchukue na mifupa yenyewe.

Kwabena Dufie


Wodi ya Uboho,
Kumasi.
16 Machi 2014

Kwako Sumina,

Mimi ni Yaa Nsiah wa Asikasu. Anayeandika ni mtoto wangu Abrafi, kwa sababu mimi shule sikupelekwa.

Nimesomewa barua yako. Umenenepa maneno. Nani kakudanganya kwamba una mama? Wewe ni mali ya Dufie. Alikulipia, na samaki nilimla mwenyewe, alikuwa na chumvi nyingi. Tarkwa siji. Takataka sinunui mara ya pili. Daktari anasema ndani ya mifupa yako kuna kitu. Kilete, kiache mlangoni, urudi ulikotoka. Na ukinikuta usinisalimu.

Yaa Nsiah
(alama ya kidole)

Kaka Kwabena, huku nyuma ya karatasi ni mimi Abrafi. Eno, mama yetu, ameenda jikoni. Nimeandika kila alichosema kwa sababu alinisimamia kichwani, akawa anauliza, "Umeandika 'takataka'? Iko wapi? Nionyeshe." Mimi mama huyu simwelewi. Wewe kila siku ni taka, lakini redio ikisema mgodi umefukia watu Tarkwa, hali chakula mpaka majina yatajwe. Nikimwuliza ananiambia nifunge mdomo. Una picha? Nataka kujua kama hii pua ni ya familia nzima au niliteuliwa peke yangu.

Abrafi


Tarkwa.
22 Machi 2014

Abrafi,

Pua ni ya familia nzima. Pole sana. Ukikua utaizoea, na usipoizoea utawaachia wanao.

Mwandiko wako ni mzuri kuliko maneno unayoandikishwa. Sina ugomvi na wewe, na hilo ndilo linaloniuma, kwa kuwa anayeumwa ni wewe. Lakini sharti langu ni lilelile. Sitaki shamba lake la kakao, sitaki nyumba. Mimi kazi yangu ni kuchapa mabango ya misiba. Kila siku naandika chini ya picha ya marehemu: mume, watoto, ndugu, wajukuu. Kuna watu wanapigana dukani kwangu kwa sababu jina limesahaulika. Nawacheka mbele yao, wakishaondoka nafunga mlango nakaa peke yangu. Nataka siku ya yule mwanamke ikifika, jina langu liwe pale kwenye watoto, na awe amelitaja mwenyewe akiwa hai.

Mwambie hivyo. Picha hiyo nimeiweka ndani, usiwaonyeshe wauguzi.

Kwabena


Wodi ya Uboho,
Kumasi.
28 Machi 2014

Mwanangu Kwabena,

Ni mimi mama yako, Yaa Nsiah. Yale maneno ya mwanzo yalikuwa ya hasira, yasahau. Nilipokuacha kwa Dufie nilikuwa maskini, nikaona aibu kukurudia, na aibu ikaniharibu ulimi. Nimekuwazia miaka yote hii. Picha yako nimeiweka chini ya mto.

Njoo, mwanangu. Nitasema maneno unayotaka, mbele ya daktari na wauguzi wote. Usilete gini wodini, daktari ni mkali. Ukifika usinikumbushe barua hii, maana nitaona haya.

Mama yako,
Yaa Nsiah
(alama ya kidole, wino ulimwagika, samahani)


Tarkwa.
3 Aprili 2014

Daktari,

Nakuja. Nimefunga duka na wateja wamenilaani, wana marehemu wao wanasubiri. Nimepata barua ya mama yangu. Neno "mwanangu" liko pale juu kwa wino wa bluu, na nimelisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo.

Nipime chochote. Nitasaini popote. Anza dawa za Abrafi unapotaka, mimi siondoki hapo.

Kwabena


Wodi ya Uboho,
Kumasi.
16 Aprili 2014

Bwana Kwabena,

Uliondoka.

Nilikuwa ndani namhudumia mdogo wako. Nimeambiwa na wauguzi. Ulikaa bwenini kwetu, ukapimwa, ukasaini, ukawachekesha wafagizi wote. Nilimwanzishia Abrafi dawa kwa kuwa wewe ulikuwepo. Kisha mama yako akarudi kutoka Asikasu na mizigo yake, mkakutana kwenye korido. Ulikuwa umevaa shati jipya. Ulimshika mkono, ukamwita "Eno" kwa sauti ya kusikika mpaka famasi, ukamwambia, "Mama, nimekuja, sema sasa." Yeye akauvuta mkono kama ameshika moto, akatema mate, akasema, "Huyu ni nani? Ondoeni taka hii, mimi simjui." Wewe ukachukua begi ukapanda basi la mchana.

Nimesikitika, na sasa nimemaliza kusikitika. Sikiliza. Dawa tuliyompa Abrafi imekwisha fanya kazi yake. Uboho wake umekufa. Hana tena wa kwake wa kumrudia, hata ule mbaya. Hana kinga ya kuzuia hata mafua ya mpishi. Amekaa nyuma ya kioo anasubiri kitu ambacho kiko nyongani mwako, na kitu hicho kimekaa Tarkwa kinachapa mabango.

Sheria inasema una haki ya kukataa wakati wowote. Ni sheria nzuri, nimeiandika mwenyewe. Kwa hiyo kama unakataa, fanya ulivyonifundisha: andika kwenye karatasi kwa mkono wako kwamba unamwua, na usaini.

Dkt. Birago Ansa


Tarkwa.
18 Aprili 2014

Daktari,

Siandiki kwamba namwua. Andika wewe, uliyeanza dawa haraka kwa sababu Wahindi wako wana ndege ya kuwahi.

Alinipa barua ya asali. Alinitoa dukani kwangu kwa neno "mwanangu," kisha akanitemea mate mbele ya wafagizi. Unaelewa alichofanya? Kwanza alinitupa nikiwa sijui kusema. Sasa ameniokota ili anitupe tena nikiwa na akili timamu, nimevaa shati jipya. Huyo si mama, na hata mwendawazimu ana siku yake ya kupumzika.

Nampenda Abrafi. Nasema wazi, nampenda, na nilimwona kupitia kile kioo akinipungia mkono wake ule mzima. Lakini nimekwisha vumilia matusi ya kisimani, na sitavumilia tena kutumika kama ndoo. Yule mwanamke ana mdomo. Simu yangu iko wazi mchana na usiku. Aseme yale maneno matatu, nipande basi hata lililojaa mbuzi. Asiposema, basi ajue kati ya jeuri yake na mtoto wake amechagua jeuri. Mimi nitachapa bango bure.

Kwabena Dufie


Wodi ya Uboho,
Kumasi.
21 Aprili 2014

Sumina,

Safari hii ni Yaa Nsiah kweli. Abrafi yuko ndani ya kioo, mimi niko nje, tunasemezana kwa simu ya ukutani na yeye anaandika. Amelia, ameniambia ile barua ya "mwanangu" aliitunga mwenyewe, akapaka kidole chake. Sikumpiga kwa sababu kuna kioo. Kumbe ndiyo maana ulikuja ukiniita Eno mdomo wazi, mbele ya watu wote, mchana kweupe, bila hata kunong'ona. Nilitamani kukufunga mdomo kwa kitambaa cha kichwani.

Unasema sikuja kukuchukua. Nilikuja. Jioni ileile nilikutoa kwa Dufie, nikakuleta nyumbani, nikakunyonyesha, nikakuita kwa jina ambalo sitalitaja. Kabla chakula hakijaiva ukaanza kuwaka homa, macho yakageuka kama ya wale watatu waliokutangulia. Nikakimbia nawe mpaka kwa Dufie, nikakutupa mikononi mwake, nikapiga kelele, "Chukua taka yako, mimi simjui!" Homa ikashuka. Dufie aliona kwa macho yake, na nilimwapisha asikwambie. Baada yako nikazaa wawili, nikawapenda waziwazi, wako chini. Baba yako akachoka kuchimba makaburi madogo akaondoka, Abrafi akiwa tumboni. Abrafi nimempenda waziwazi, mwone alivyo. Nimezaa saba. Anayetembea bila kuumwa ni mmoja tu, yule ninayemtukana.

Daktari anasema ni damu. Anasema wewe ulirithi upande mzuri na homa ile ilikuwa malaria. Ananichorea kwenye karatasi damu nzuri kama duara, na mbaya kama mwezi mchanga. Labda. Yeye akikosea atampata mgonjwa mwingine. Mimi nikikosea nitampata wapi mwingine?

Leo amepiga magoti, daktari mzima, na miwani yake. Ameniomba niseme yale maneno kwenye simu uyasikie, uje, Abrafi apone. Nimekataa. Nimefikiri kwa akili zangu zote, hakuna aliyenishauri, na nimechagua. Kama lazima mmoja aende, aende huyu ambaye kifo kinamjua tayari. Wewe hakikujui. Sitakutaja. Abrafi, usilie, andika hivyohivyo nilivyosema. Andika.

Basi kaa huko huko, taka wewe. Usije. Usinisalimu.

Yaa Nsiah

Kaka, ni mimi. Sikubadilisha hata neno moja, alinifanya nimsomee yote kwenye simu ili ahakikishe. Kinywa kimejaa vidonda na nywele zimeisha, imebaki pua. Nilipofika pale aliposema amechagua, nilikuwa nimekwisha anza kuandika jina langu. Ilibidi nilikate. Ukigeuza karatasi kwenye mwanga utaliona.

Wewe ulitaka kujua kama anakupenda. Mimi sikuwahi kuuliza, na nimejibiwa. Nilikudanganya kwa ile barua na wewe ukaniacha humu, kwa hiyo tusidaiane. Njoo kwa ajili yangu mimi, si kwa ajili yake. Na ukimkuta kwenye korido, usimsalimu.

Abrafi


Wodi ya Uboho,
Kumasi.
12 Mei 2014

Bwana Kwabena,

Abrafi alifariki Ijumaa. Ulipoondoka kwenda kuangalia duka lako ulimwacha anakunywa maji na anacheka pua, kwa hiyo najua utasoma mstari huu zaidi ya mara moja.

Ulikuja siku ileile uliyopata barua, na mimi sitasahau ulivyopita mbele ya mama yako bila kugeuza shingo. Tulichukua uboho mzuri na mwingi. Lakini ulikuta maambukizi yamekwisha ingia kwenye mapafu. Yaliingia wakati tunakusubiri. Ungetaka nikwambie kwamba zile siku hazikuleta tofauti. Zilileta. Na mimi pia nina zangu: nilianza dawa kwa sababu walimu walikuwa wanaondoka, na kwa sababu sikuwahi kuuliza kwa nini mtu anaitwa Jalala na bado yuko hai. Mimi ni Mwasante, bibi yangu alikuwa na chale. Nililiona jina lako kwenye faili nikaliandika kama ninavyoandika Kofi au jina lolote.

Kuna jambo nilitaka kulificha, lakini umenizoesha karatasi. Kipimo cha mwisho kilionyesha seli changa, chache sana. Hazikuwa zake. Zilikuwa zako, zimeanza kazi.

Mama yako aliniuliza kama ule uboho tutautoa. Nikamwambia hautoki, utazikwa naye. Akakaa chini sakafuni. Akasema, "Kwa hiyo kifo kimemwonja na yule." Kisha akainuka, akasimama mlangoni pa wodi, akapiga kelele ili mpaka watu wa geti wasikie, kwamba mtu wa Tarkwa amemwulia mtoto wake wa pekee, kwamba hamjui, na akimwona atamponda mawe. Wauguzi walimhurumia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake na niliona anaangalia juu, haangalii watu.

Amenituma kwako, akijifanya ananituma kwa mchapaji yeyote. Mtoto hafanyiwi msiba mkubwa, hilo unalijua, lakini anataka bango moja la kubandika ukutani kwa kanisa. Picha ninayo, nimeiambatanisha. Kwenye mstari wa ndugu iandikwe: hana. Na amesema huyo mchapaji akija msibani asithubutu kuvaa nyekundu. Nyekundu ni ya wafiwa.

Vyumba vyangu bado ninavyo kwa sasa. Mtoto wa pili anaingia mwezi ujao. Nimeongeza swali moja kwa kila familia, na naliuliza mwenyewe, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini: "Kuna mtoto mliyemtupa?" Juzi mama mmoja kutoka Obuasi aliniambia yuko mmoja, anaitwa Donkor, yaani mtumwa, anaishi Takoradi, na nisimtaje kwa nguvu. Sikumtaja.

Dkt. Birago Ansa


Tarkwa.
25 Mei 2014

Yaa Nsiah, mwanamke nisiyekujua,

Barua hii huna wa kukusomea. Aliyekuwa akikusomea tumemzika. Ndiyo sababu nimeiandika, na sitaituma. Nimezoea karatasi, na nina maneno ambayo siwezi kuyasema mahali penye masikio.

Bango nililichapa mwenyewe, sikumwachia fundi. Nilipanga jina lake, nikaisafisha picha, na pua nikaiacha ilivyo. Nilipofika kwenye ndugu nikaandika "hana." Mashine ikalitoa neno hilo zuri, jeusi, limenyooka. Nililibandika ukutani kukauka, nikafunga mlango.

Msibani nilikuja na nguo nyeusi ya kuazima, nikakaa na madereva. Ulipozunguka na wafiwa kuwapa watu mikono, ulimpa aliyekaa kulia kwangu, ukampa aliyekaa kushoto kwangu. Kwangu uliupitisha mkono juu kama unafukuza nzi. Ukasema, "Nani kaleta harufu ya jalala hapa?" Watu waliona haya kwa niaba yangu. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Usijali, mwanangu, ana uchungu." Nikamjibu, "Sijali, simjui." Nilisema kwa nguvu, na nilikuona umesimama kidogo. Najua ulisikia.

Nilimweka Abrafi nyuma ya kioo nikamnyima pumzi kwa ajili ya maneno matatu. Na wewe ulikuwa umeniambia kila asubuhi pale kisimani, mbele za watu, kwa sauti kubwa, na mimi niliyapokea kama matusi kwa sababu yalikuwa matusi. "Taka wewe, bado unatembea?" Ulikuwa unauliza kweli. Ulitaka kujua. Sasa nimelielewa, na aliyelipia kuelewa kwangu hakuwa mimi wala wewe. Kwa hilo sisamehewi na mtu, wala sitaomba.

Nyonga bado inauma nikiinama kwenye mashine. Nitakuja Asikasu kila mwisho wa mwezi, nitapita kisimani wakati unateka maji. Unitukane. Siku ukiacha kunitukana nitajua umechoka, nami nitaogopa. Mimi nitakujibu jibu langu, na tangu jana nafanya mazoezi mbele ya kioo cha duka mpaka uso unakaa sawa:

Wewe si mama yangu. Sikujui. Hujawahi kunizaa.

Ni mimi, taka ya Dufie,
Sumina